Una karakana ya mageti au fenicha? Namna ya kuwalinda vijana wako wasiumie na wasiogope kusema

Hii ni ya bosi mwenye karakana ndogo, yule mwenye vijana watano sita mpaka kumi na tano hivi, wa Keko kwenye fenicha, wa Gerezani kwenye vyuma, wa Buguruni, wa Mwanza, na hata wa Gikomba kule Nairobi na Katwe kule Kampala maana mashine ni zile zile na vidole ni vile vile. Kampuni kubwa ina afisa usalama na mafaili yake. Huku kwetu afisa usalama ni mwenye karakana na fundi mkuu, basi, hakuna mwingine atakayekuja.

Nimekaa kwenye hizi karakana miaka mingi, kama fundi na baadae kama msimamizi, na kuna kitu kimoja kinajirudia sana. Kijana akiumia, ukianza kuulizia taratibu unakuta kuna mtu alijua tangu asubuhi kwamba ile mashine haiko sawa. Swichi ilikuwa inanata, au gadi, ile kinga ya kufunika diski, ilishatolewa, au waya umechubuka. Alijua na hakusema. Na ukimuuliza kwanini hukusema anaangalia chini, kwa sababu jibu lenyewe ni kwamba kusema kungemkosesha hela ya siku.

Kwa hiyo mimi nakushauri anza na hela kabla hujakimbilia kununua helmeti.

Wengi wetu tunalipa kwa kipande au dei waka. Geti likiisha unalipwa, lisipoisha hulipwi. Sasa kijana akizima grinda saa nne asubuhi kwa sababu inatoa cheche kwenye swichi, anajua fika kwamba ameikata siku yake kwa mikono yake mwenyewe, ana kodi ya chumba, mama yake kijijini anasubiri, unategemea aseme? Hasemi. Atafunga swichi kwa nailoni ikae kwenye ON na kazi iendelee. Weka sheria moja tu na uitangaze wote wakiwepo: mashine ikiwa mbovu mtu yeyote, hata saidia aliyeanza jana, ana ruhusa ya kuizima, anachomoa plagi, anaifunga kitambaa chekundu, anakuja kukuambia, na hela yake ya siku ile iko pale pale. Utamhamishia kazi nyingine, kupiga msasa, kupanga vyuma, chochote, ila halipwi pungufu.

Alafu jiandae kwa siku ya kwanza mtu atakapoitumia hiyo sheria, maana wote watakuwa wanakuangalia usoni. Ukinuna, ukisema "tena leo mteja anakuja saa kumi?", imeisha hiyo, mwaka mzima hakuna atakayekuambia kitu. Ukisema ahsante mbele za watu na ukatuma swichi mpya inunuliwe hapo hapo, kesho yake utaletewa ubovu mwingine ambao hukuwahi kuujua. Swichi ya grinda ni bei ya sahani chache za chakula kwa mama ntilie, kidole hakina bei.

Na ile tabia ya kukata mshahara kwa kila kitu kinachovunjika iache kabisa. Diski imepasuka unamkata, drili bit imekatika unamkata, ndio maana wanaficha. Kwa Tanzania sheria ya ajira ya 2004 haikupi uhuru wa kujikatia tu unavyotaka, hasara inatakiwa ifuate utaratibu, mfanyakazi akubali kwa maandishi, na makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara wake. Achana hata na sheria, angalia tu faida yako: anayeficha diski yenye ufa atakuja kuitumia.

Tukija kwenye grinda yenyewe, hapa naomba usome polepole kwa sababu hii ndio mashine inayokata watu kuliko zote kwenye karakana zetu. Grinda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya inchi tisa imetengenezwa kwa grinda kubwa, mwisho wake ni kama mizunguko 6,600 hivi. Vijana wanatoa gadi kwenye grinda ndogo ili diski kubwa iingie, wanapata kina kirefu cha kukata, na kazi inaenda kwa muda, alafu siku moja diski inapasuka na vipande vinaruka kwa mwendo ambao hata huoni vikipita. Gadi kazi yake ni hiyo, kupokea vile vipande. Hivyo marufuku ya kwanza ni grinda isiyo na gadi, na marufuku ya pili ni kufunga msumeno wa mbao kwenye grinda, ule wenye meno, maseremala wengi wanafanya na najua unarahisisha kazi, lakini ukinasa kwenye mbao grinda inamrukia mtu kwenye paja au shingoni. Kitu kingine, diski zina tarehe. Iangalie kwenye kile kipete cha chuma cha katikati, imeandikwa mwezi na mwaka, kawaida ni miaka mitatu tangu itengenezwe. Diski iliyolala kwenye unyevu au iliyodondoka chini usiifunge hata kama inaonekana nzima. Duka linalokuuzia diski zilizopitwa na tarehe kwa bei ya kutupa linakuuzia matatizo.

Glavu za kitambaa kwenye mashine inayozunguka, kama drili ya kusimama au msumeno wa meza, hapana. Zinavutwa na mkono unaenda nazo. Hivyo hivyo mashati mapana, kamba za kofia, na cheni za shingoni.

Kwenye kuchomelea, anayeumia macho zaidi mara nyingi sio fundi, ni saidia. Fundi ana kioo, saidia ameambiwa "shika hapa, usiangalie". Anashika bomba macho kayageuza pembeni, mwanga unampiga kwa ubavu siku nzima, usiku anaamka anahisi mchanga umejaa machoni, machozi yanatiririka, taa haitazamiki. Kwa hiyo kioo kiwe cha wawili, kila mashine ya kuchomelea iwe na vioo viwili, vyenye namba 10 mpaka 12 imeandikwa pale pale kwenye kioo, miwani ya jua ya barabarani haikingi huo mwanga. Na weka kizuizi, bati au turubai zito, kati ya unapochomelea na wapita njia, kuna watoto wanasimama kuangalia zile cheche na hakuna anayewafukuza. Ikishatokea mtu kachomwa na mwanga, vipande vya viazi, maziwa ya mama na dawa ya meno visiingie machoni mwake. Apumzike gizani, kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofungwa, na aende akaonwe hospitali. Hasa kama anahisi kipande cha chuma kimeingia hapo hakuna kusubiri na hakuna mtu wa kukitoa kwa ncha ya kiberiti.

Sasa maziwa. Kila karakana ya vyuma na rangi unayoingia utasikia kijana akinywa maziwa jioni moshi unaondoka kifuani. Mabosi wengine wana roho nzuri kabisa, wanatoa hela ya maziwa kila siku na wanaamini wamemaliza wajibu wao. Maziwa yanaenda tumboni. Moshi uko kwenye mapafu, na hizo ni njia mbili tofauti. Wape maziwa kama chakula, ni chakula kizuri, ila usihesabu kwamba umewakinga. Ile hela ukiikusanya kwa mwezi inanunua barakoa zilizoandikwa N95 au FFP2, zile za kitambaa na zile za bluu za hospitali hazizuii moshi wa welding. Na kuliko hata barakoa ni hewa: chomelea nje au penye upepo unaopita kwa ubavu, kichwa kisiwe juu ya moshi. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO mwaka 2017 liliuweka moshi wa welding kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mbao lilikuwa limeshawekwa huko tangu 1995.

Kuna homa moja inawasumbua sana watu wa mageti na wengi hawaijui. Ukichomelea bomba la galvanaizi, ile zinki ya juu inaungua inatoa moshi mweupe mzito. Masaa machache baadae kijana anatetemeka, homa, viungo vinauma, mdomoni ladha ya chuma. Anadhani ni malaria. Anapita duka la dawa ananunua dawa mseto bila kupima, kesho au keshokutwa yuko sawa, anasema dawa imefanya kazi, kumbe ile homa huwa inaondoka yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Mara nyingi inampata mtu Jumatatu, kwa sababu mwili unazoea katikati ya wiki na wikiendi ule uzoefu unapotea. Kwa hiyo ukiona vijana wako wana "malaria" kila Jumatatu baada ya kazi ya galvanaizi, anza na bomba kwanza: ondoa zinki pale unapounga kabla ya kuchomelea, anayeiondoa awe amevaa barakoa, tokeni nje, na kijana mwenye homa bado apime malaria maana inaweza kuwa yote mawili.

Moto nao. Karakana nyingi siku hizi zinachanganya, upande huu mageti upande ule makabati, na katikati kuna pumba za mbao, tina (ile thinner ya kuyeyushia rangi) na vanishi. Cheche ya grinda inafika mita kumi na inaweza kulala ndani ya pumba ikavuta taratibu mpaka mmeshafunga mmeondoka. Kama huwezi kutenganisha kabisa basi angalau zoa pumba kabla ya kuchomelea, makopo ya tina yafunikwe yatolewe, na kazi ya cheche iishe nusu saa kabla ya kufunga ili mtu abaki anaangalia. Mtungi wa kuzimia moto uwe mlangoni, usiwe umefichwa stoo nyuma ya mbao, na kila kijana aushike kwa mkono wake ajue pini inatolewaje. Kwa Tanzania zimamoto ni 114, iandike ukutani kwa rangi kubwa. Mitungi ya gesi isimame na ifungwe cheni, na ule wa oksijeni usiguswe na grisi wala oili hata kidogo, oksijeni ya presha ikikutana na mafuta inawaka bila kiberiti.

Umeme nitausema kwa kifupi: usiunge waya kwa nailoni, usipitishe eksitensheni kwenye maji, ondoa tabia ya kuchomeka nyaya mbili tupu kwenye soketi kwa vijiti, na mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie ile breka inayokata umeme ukivuja, yenye kitufe cha kujaribia na imeandikwa 30 mA. Kibonyeze hicho kitufe kila mwezi, kama haikati ujue huna kinga.

Kelele, kipimo rahisi ni hiki. Ukiwa umesimama mita moja na mwenzako na inabidi upige kelele akusikie, hapo mmefika kama desibeli 85 au zaidi, na masikio yanaharibika kidogo kidogo. Vizibo vya masikio ni bei ndogo sana. Na jioni kijana asijipulize vumbi kwa kompresa, najua ni raha na ni haraka, lakini ule upepo unaweza kupenya kwenye ngozi au ukapasua ngoma ya sikio, na lile vumbi analivuta yeye na wenzake. Atumie brashi au kitambaa chenye unyevu, na sakafu inyunyizwe maji kidogo kabla ya kufagia.

Uchovu unakata watu kama grinda. Oda za Krismasi, oda za Idi, mteja anataka geti kesho, vijana wanakesha siku tatu mfululizo alafu tunashangaa. Sheria ya Tanzania inasema masaa 45 kwa wiki, siku isizidi masaa tisa ya kawaida, overtaimu ilipwe mara moja na nusu na isizidi masaa 50 kwa wiki nne, na mtu akishafanya kazi masaa matano mfululizo apate saa nzima ya kupumzika. Kama oda ni kubwa kuliko masaa hayo, ongeza watu au mwambie mteja ukweli. Maji ya kunywa yawepo muda wote, Dar kuanzia Januari mpaka Machi ukiwa chini ya bati na ovaroli umevaa joto linampiga mtu kizunguzungu hapo hapo kwenye mashine. Na mlipe siku mliyokubaliana. Mtu ambaye hajui kama leo atalipwa, akili yake haiko kwenye msumeno.

Sasa matusi, na hapa natamani tubadilike kweli. Kwenye ufundi tumezoea kwamba kijana anafundishwa kwa kutukanwa, kupigwa kofi, kurushiwa nyundo, eti ndio anakuwa fundi imara. Anakuwa mtu anayeogopa kuuliza. Na asiyeuliza anakata kwa kubahatisha, anachanganya tina kwa kubahatisha, anagusa waya kwa kubahatisha. Fundi mkuu ndiye unatakiwa kukaa nae, mwambie waziwazi kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi yake na kumdhalilisha mtu sio, alafu ukisikia karudia usikae kimya kwa sababu ana mkono mzuri. Mkono mzuri unaofukuza vijana watano kwa mwaka unakutia hasara.

Kama una wanawake, na siku hizi wapo wengi kwenye vanishi, kushona makochi, hata welding, weka choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, maji, na sehemu ya kubadilisha nguo. Maneno ya "mrembo kwani we unatafuta nini huku", kushikwa shikwa, bosi kuomba namba usiku ndio kesho upate kazi, hayo ni unyanyasaji wa kijinsia na ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Usiwe wewe peke yako mtu wa kupelekewa malalamiko, kwa sababu inawezekana mlalamikiwa ni wewe au ndugu yako. Chagueni dada au mama mmoja anayeheshimika hapo, hata kama ni wa karakana jirani, na kila mtu ajue ndiye wa kumwendea. Mjamzito atolewe kwenye tina na spreyi mara tu akisema, bila kupunguziwa hela. Likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha 100, na akirudi ananyonyesha ana haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Watoto wa kaka na wa jirani wanaoletwa "wajifunze kazi likizo", chini ya miaka 14 hakuna kazi kabisa, na chini ya 18 hagusi mashine hatari hata kama baba yake amekuomba. Apange misumari, aangalie.

Makaratasi sasa, usiyaogope. Kwa Tanzania sajili karakana OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kwa sheria ya usalama na afya ya 2003, wakija kukagua waulize maswali, wana uzoefu wa ajali ambazo wewe hujaziona bado na ni bora uzijue kupitia kwao. Na jiunge na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mchango ni nusu asilimia ya mishahara, unatoa wewe mwajiri, na huruhusiwi kumkata kijana. Hiyo nusu asilimia ndiyo inalipia matibabu, ulemavu, na wategemezi kama mambo yakiwa mabaya kabisa. Fikiria kulipia mwenyewe kijana aliyepoteza jicho, uza karakana yote bado haitoshi. Kenya wenzetu wana sheria zao mbili za 2007, ya usalama kazini na ile ya fidia, WIBA, mwenye karakana huko azitafute hizo.

Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe na bandeji, shashi safi, glavu, mkasi, na mtu mmoja aliyefundishwa. Damu nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi usiachie. Kidole kikikatika chote, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki, funga, alafu ule mfuko ndio uweke kwenye barafu, kidole chenyewe kisigusane na barafu, na mkimbie hospitali kubwa nacho. Kuungua, maji safi ya bomba yanayotiririka dakika 20, hakuna dawa ya meno, hakuna unga, hakuna yai. Aliyepigwa na umeme usimshike kabla hujazima meni swichi. Na uwe na namba ya bajaji au teksi ya jirani ambaye mmeshakubaliana kabisa kwamba ukipiga anakuja kwanza, hela baadae.

Akishalazwa, toa taarifa WCF mara moja usisubiri apone, mtembelee, mpigie mkewe au mama yake wewe mwenyewe wasisikie mtaani. Usimsainishe karatasi yoyote akiwa kitandani. Nafasi yake usimpe mtu moja kwa moja, muulize daktari anaweza kufanya nini, kuna kazi za mkono mmoja kwenye karakana, kupima, kupokea wateja, kuhesabu stoo. Na wale waliobaki waliona damu ya mwenzao, kuna atakayeshindwa kuishika ile mashine wiki nzima na mikono inatetemeka, mpe kazi nyingine na usiruhusu achekwe. Kaeni wote, ulizeni nini kilitokea bila kutafuta wa kumtupia lawama, na ile mashine isiwashwe tena mpaka kilichosababisha kimetengenezwa na vijana wenyewe wamekiona kwa macho yao.